Kumkanda Solange

Kule Mangobo kuna benchi la ubao lililowekwa juu ya rimu mbili za gari, na wanaume wanaokaa hapo asubuhi wanajua kila kitu. Waulize habari za vita, za ndoa, za ugonjwa wa mihogo, watakujibu kabla hujamaliza swali. Ukiwaambia wamekosea, wanaongeza kahawa na kuanza upya. Baraka, mtu wa Maniema, ndiye anayewamiminia hiyo kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile Papa Eugène, seremala, alikuja akakaa pembeni bila kusalimia, na wote wakamsogezea nafasi kwa heshima. Siku tatu kabla walikuwa wamemzika mjukuu wake, mtoto aliyeishi nusu siku tu. Sanduku alilitengeneza Eugène mwenyewe, nalo halikufika urefu wa mkono wake.

— Bandeko, ndugu zangu, akasema mwishowe. Mwanamuke mwenye alizaa, banamukandaka namna gani?

— Ile ni mambo ya banamuke, papa, Baraka akajibu akimimina.

— Banamuke gani? Kwangu hakuna.

Kweli hawakuwepo. Mkewe Gertrude alikufa miaka miwili iliyopita. Yannick, mume wa binti yake Solange, ni askari. Alitolewa kambini Kapalata akapelekwa mashariki, na simu yake haiingii. Majirani walikuja siku ya mazishi, wakalia, wakaenda zao. Mtoto angekuwa hai, wangejazana na masufuria ya maji ya moto wakimkanda mama yake asubuhi na jioni. Mtoto hayupo, basi hakuna aliyekumbuka kwamba mzazi bado yupo. Na kwenda kubisha hodi kuwaomba, Eugène aliona ulimi mzito.

— Tangu jana analia chini chini, anauma liputa yake ya kujifunga, akaeleza. Nikimuuliza anasema, hakuna kitu, papa. Naona ni tumbo.

— Ni tumbo! akasema Docta Henri. Udaktari wake ni kulinda lango la zahanati miaka kumi na moja, lakini jina lilimkaa naye akalikalia. — Maji ichemuke sana, unatia chumvi, unachovya serviette, taulo, pap, tumboni. Damu yenye ilibakia inatoka yote.

— Ya kuchemuka? Unataka kumupika mutoto wa batu?

Huyo ni Lionel, fundi wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wao humwita Injenia.

— Mi nilikuwaka kwa dispensaire, Injenia.

— Kwa mulango!

— Mulango ya dispensaire, bwana. Si mulango ya nganda ya pombe.

— Bon, sikia, papa. Maji inapoa mbio. Unakamata sable, muchanga ya mutoni, unaikaanga, unaitia mu chambre à air, unafunga ncha mbili. Donc, chaleur, moto yote, inabakia saa tatu nzima. Chambre à air ninayo, nitakupa bure.

Na kweli akanyoosha mkono akautoa mpira wa ndani wa tairi, mweusi, una viraka vinne.

— Sable haina nguvu, akasema Baraka. Kamata jiwe ya kwa maporomoko. Jiwe yenye maji iliipiga myaka na myaka, nguvu yote iko ndani. Unaichoma, unaifunga na majani ya ndizi, analala juu yake. Mama yangu alizaa kumi.

— Uliona? akauliza Injenia.

— Niliambiwa.

— Kwa miguu, Docta akakata. Moto inaanzia kwa miguu! Ukianzia tumboni, damu inapanda kichwani, mwanamuke anaingia wazimu. Nilimuona moja.

Chumvi, mchanga, jiwe, na sasa wazimu. Eugène akawatazama wale watu watatu na kuanza kuwahesabia watoto wao moyoni: walifika kumi na wanane. Na kila mtoto alipozaliwa, baba yake aliambiwa toka nje, akatoka mbio, akaja kukaa hapa hapa. Yeye mwenyewe Gertrude alimzalia watano. Alichokumbuka ni mlango uliofungwa, mvuke juu yake, na sauti ya Gertrude ndani. Kama alikuwa anacheka au anaumia, mpaka leo hajui. Aliona aibu.

Kando ya benchi alisimama mama mmoja aliyevuka mto kutoka Lubunga na beseni la kwanga, mikate ya mihogo. Félicité, jina lake. Alikuwa anangoja toleka, ameagiza nusu kikombe.

— Samahani, papa. Musichana alizaa siku gani?

— Leo siku ya ine.

— Na maziwa? Ilikuja?

— Maziwa gani, mama? Docta akamshangaa. Mutoto alikufa. Tulimuzika.

— Nimesikia. Niko nauliza maziwa.

Docta aliangalia ndani ya kikombe chake. Injenia alizungusha chambre à air mikononi. Eugène akakumbuka alfajiri, alipompelekea Solange chai: liputa aliyojifunga kifuani ilikuwa imelowa mbele. Yeye alidhani amemwagikiwa maji.

— Maziwa haijue kama mutoto alikufa, akasema Félicité. Siku ya tatu, ya ine, inakuja tu. Kifua inavimba, inakuwa ngumu, ata kuinua mukono hauwezi. Atakuambia namna gani ile, wewe papa yake?

— Nifanye nini, mama?

— Uchemushe maji, tuiache ipoe. Kitambaa ya vuguvugu, kidogo tu, kisha ya baridi. Akiwa na homa, dispensaire, leo leo.

— Siwezi kumugusa pale.

— Najua. Nionyeshe nyumba.

Akamwachia Baraka beseni. Nyumbani, Félicité alisogeza pazia akaingia, na Eugène akabaki uani. Kisha sauti ya Solange ikapasuka:

— Naikamua, mama. Naimwanga chini, inajaa tena. Naimwanga, inajaa tena. Nimupe nani?

Papa Eugène akachutama kwenye jiko, akaanza kupuliza makaa ya kuchemshia yale maji. Alilia waziwazi, mtu mzima, na hakujificha.