Siku Nilipoacha Kutoroka Salamu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na asifiwe tena, maana mimi kila kitu nahesabu mara mbili.

Naitwa Editha, nauza mchele hapa sokoni Mpanda, nakaa Nsemulwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa vidole vilipoanza kuvimba. Kila asubuhi nilihesabu viungo vilivyovimba: saba. Nikarudia, labda nimejipunja. Tisa.

Hospitali daktari akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, inavipiga viungo vyangu yenyewe. Ni ugonjwa wa kukaa nao, nimeze dawa kila siku, nipumzike, nipunguze mawazo, maana mawazo yanauchochea. Nikauliza ni miaka mingapi. Akasema huenda maisha yote. Nikamwomba apunguze kidogo.

"Binti, hapa si sokoni," akasema.

Dawa nilimeza. Mawazo ndiyo yalinishinda. Niliogopa watu wakijua watasema nimelogwa, na hakuna atakayenioa. Basi nikaficha. Na nyie mnajua ibada ikiisha tunavyopanga mstari nje, kila mtu anampa kila mtu mkono. Nilihesabu mikono themanini na miwili, mingi ya wakulima wa Magamba, na mkulima hashiki mkono, anaukamua. Kwa hiyo wimbo wa mwisho ulinikuta nimeshatoka mlango wa nyuma. Kuanzia Ijumaa usingizi hauji, napanga kutoroka. Jumapili vidole vimevimba zaidi. Ndugu zangu, nilikuwa naukimbia ugonjwa huku naulisha.

Jumapili moja nilipewa kusoma matangazo, na msomaji ndiye hutangulia kutoka, nikajikuta wa kwanza mstarini. Mzee mmoja wa Kasekese akanikamata mkono, akautikisa kama anavuta maji kisimani. Nililia mbele ya watu. Mama Yoranda, kiongozi wetu wa kwaya, akauliza nina nini. Niliukumbuka mlango wa nyuma. Ulikuwa mbali. Nikasema yote: vidole, dawa, hofu, mpaka idadi ya mikono yao.

Mama Yoranda akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwaka mzima tunasema huyu binti anaringa. Kumbe unaumwa, mwanangu."

Akanishika juu ya kifundo cha mkono, taratibu, kama tunavyomsalimia mtu mwenye unga viganjani. Waliobaki wakafuata vilevile, mmoja mmoja. Mzee wa Kasekese alipita mara mbili.

Wiki ile nililala! Ugonjwa haujaondoka, sitawadanganya. Dawa nameza, kliniki nakwenda. Lakini Mungu amenitoa kwenye hofu, na tangu hofu itoke, asubuhi nzuri zimezidi mbaya. Gunia likinishinda, wanakwaya wanabeba. Wachumba? Wamekuja wawili, bado tunapatana.

Wewe kijana unayeficha ugonjwa wako, usiache dawa, wala usiyabebe mawazo peke yako. Mtegemee Yesu, kisha mwambie mtu mmoja kabla hujafika nyumbani. Ukimkosa, njoo kwangu hapa mbele. Leo siendi popote.