Mwalimu Abner Nyangate wa "Umejuaje?" (1934–1974)

Mwalimu Abner Nyangate alizaliwa Gesima tarehe 14 Machi 1934, kifungua mimba wa Mzee Nyangate na Mama Bitutu. Alichelewa kuanza shule kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na wachungaji wachache. Alihitimu ualimu Kamagambo mwaka 1956, akapangiwa kufundisha Nyaramba.

Huko alimpenda Bonareri. Alipomwambia anataka kumwoa, Bonareri alimuuliza, "Umejuaje ni mimi?" Mwalimu mzima akakosa jibu. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa nalo, na jibu lenyewe Bonareri hajamwambia mtu mpaka leo. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 20 Desemba 1959.

Swali hilo Mwalimu aliliiba, akaenda nalo darasani. Alipohamia Gesima mwaka 1966 kufundisha hesabu darasa la saba, aliweka kanuni za kukariri kando. Aliwapeleka wanafunzi kwenye shamba la majani chai, wajue lina mashina mangapi bila kuhesabu moja moja. Walizurura humo siku mbili. Aliyepata na aliyekosa, wote aliwauliza, "Umejuaje?"

Wazazi walikuja juu. "Mwalimu, hii watoto inacheza tu, na mtihani iko karibu," Mzee Joash alisema mkutanoni. Mwalimu mkuu akaamua: matokeo yakishuka, Abner ahamishwe. Hayakushuka, wala hayakupanda. Akaachwa aendelee, naye akaendelea miaka minane.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu. Alifundisha akiwa ameketi hadi Septemba, kisha akalazwa Kisii. Jumatano tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, muuguzi Rispa Akong'o alitoka nje akamwambia Bonareri, "Mama, mwalimu ametuacha."

"Umejuaje?" Bonareri akauliza.

Sista Rispa hakumkemea. Alimwingiza ndani, akauchukua mkono wake, akauweka kifuani pa Mwalimu. Wakangoja pamoja, kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo Bonareri hajalia. Anapika, anapokea wageni, anaitikia salamu. Anasema hahisi kitu. Tunaomba asilaumiwe, maana hata sisi wa nyumbani tuko hivyo hivyo.

Marehemu ameacha mama yake Bitutu, mjane wake Bonareri, watoto wanne (Mong'ina, Jethro, Nyanchama na Nyasani), na wanafunzi thelathini na wanane wanaofanya mtihani mwezi ujao.

Alale kwa amani. Leo asiulizwe kitu.