Neno la Mkono Nililolikataa

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, Profesa Hribernik. Wenzangu wa kamusi. Ndugu wageni waalikwa mliofika hapa Ljubljana kuniaga ninapostaafu. Na wewe Darinka Komac, uliyeketi pale karibu na mlango: nawasalimu nyote.

Kwa miaka thelathini na moja nimekusanya nomino za lugha mama ya Waslavi, lugha ambayo hakuna aliyeiandika. Tunalinganisha lugha zilizozaliwa nayo, tunakadiria neno lilitamkwaje na mwisho wake ulibadilikaje kila lilipobadili kazi katika sentensi, kisha tunaliwekea nyota mbele. Nyota hiyo ni kukiri kwamba hatukulisikia, ila ushahidi tunao.

Darinka alikuwa mwanafunzi wangu. Alisema kwao bondeni, kwa matamshi ya bibi yake, neno la mkono huhamisha mkazo wake kwa namna ambayo majedwali yangu hayakuwa nayo. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Binti, bibi yako si kitabu." Akanijibu, "Na hivyo vitabu vyako, Profesa, vilijifunza kusema kwa nani?" Watu wakacheka. Nilikasirika, nikaikataa tasnifu yake, naye akarudi kwao kufuga nyuki. Ni mjuzi gani huyo asiyekwenda kuuliza?

Machi iliyopita, nikisahihisha kurasa za mwisho za kamusi yetu, jedwali la neno lile likagoma kukaa sawa. Nikapanda basi hadi bondeni, nikamkuta Tinca, mdogo wake bibi yake Darinka, anakanda unga wa potica, ule mkate wetu mtamu wa sikukuu. Nikajitambulisha. Akasema, "Kumbe ndiye wewe! Umechelewa miaka ishirini na miwili. Ingia, unga haungoji." Asubuhi nzima alilalamikia mikono yake inayouma, na kila alipoutaja mkono nilisikia kile kile alichoniambia Darinka. Niliona aibu kubwa.

Mheshimiwa, najua mchapaji anazitaka kurasa Ijumaa. Atasubiri. Sitatia saini hadi sehemu ile iandikwe upya, iandikwe na Darinka kwa jina lake, na kosa langu litajwe kwa jina langu. Mficha uchi hazai, na kamusi hii imekaa tumboni vya kutosha.

Darinka, umesafiri kutwa nzima kuja kumuaga mtu aliyekufungia mlango. Usiondoke, mwanangu. Njoo huku mbele.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa zamu ni yake, nami nakaa chini nimsikilize.