Aresias wa Mstari wa Ukutani Anapumzika

Wananchi wa Aixone na wageni wetu,

Leo, katika sikukuu hii ya mungu Dionysos, Aresias mwana wa Pamfilos anahitimisha miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kwaya ya kijiji chetu. Ametimiza miaka sitini, umri ambao hata jeshi humruhusu mtu kutundika ngao yake, na magoti yake yalikwisha kuleta ombi hilo hilo mapema kidogo. Igizo mtakaloliona sasa hivi ndilo la mwisho kwake. Kesho atakuwa mlimani kwa nyuki wake, na sisi tutakuwa tunamtafuta mtu wa kusimama pale alipozoea kusimama.

Maneno haya nimeyaandika mimi, Simos, mpiga zumari wa kwaya. Anayewasomea ni mpiga mbiu, kwa kuwa mdomo wangu una kazi nyingine muda si mrefu. Niko hapa pembeni, kwenye ujia wa kuingilia uwanjani, pamoja na wanakwaya wote, na Aresias mwenyewe yupo, kinyago usoni, anasikia kila neno na hawezi kujibu. Kwa mtu wa Aixone hiyo ni adhabu kubwa. Jimbo zima la Attika linatujua kwa mambo mawili, samaki wekundu na ulimi mkali, na samaki wana msimu wao.

Alijiunga nasi akiwa kijana, enzi ambazo mwalimu wetu Agnotheos bado alikuwa na nywele. Kama mjuavyo, kwaya huingia kwa mistari mitatu ya watu watano watano, ikipita ujia wa kijijini, ule ulio kuliani kwenu mnapoketi. Wanaopita karibu nanyi ni mstari wa kushoto, kwa hiyo Agnotheos huwapanga huko waimbaji wake wazuri, wenye mabega na miguu ya kuonyesha. Katikati hukaa wale wa wastani. Upande wa mbali, unaokaribia kusugua ukuta wa jukwaa, huwekwa wageni wa kazi, waoga, na wale wanaogeuka kulia wenzao wakigeuka kushoto. Aresias alikuwa fundi wa kugeuka kulia. Agnotheos alimtazama siku moja tu ya mazoezi, akasema, "Sauti anayo. Miguu tutamsubiria." Akampeleka ukutani.

Miguu ilikuja. Mimi hutembea mbele ya kwaya nikipuliza, simwoni mtu yeyote nyuma yangu, kwa hiyo wenzangu nawajua kwa kishindo. Baada ya misimu michache nilianza kusikia kisigino kimoja kutoka upande wa ukutani kikitua sawasawa na zumari, wala hakijachelewa tangu hapo. Hata Agnotheos alikisikia. Akamwita Aresias mbele ya wote na kumpa nafasi katika mstari wa mbele ya watu, heshima ambayo wengine huililia.

"Mwalimu, nakushukuru," Aresias akasema. "Lakini nikihama, hawa wa ukutani nitamwachia nani?"

"Utauachia ukuta," akajibu Agnotheos.

"Ukuta hauimbi, mwalimu."

Akabaki. Wengi walidhani ni uvivu, na watu wa kwetu wakidhani hawadhani kimoyomoyo. Ila waliowahi kusimama naye wanajua. Kinyago kina matundu madogo, humwoni jirani yako hata akiwa anakukanyaga. Wageni walijifunza kumfuata Aresias kwa harufu ya moshi wa mizinga iliyokwama kwenye nguo zake, na kwa kiwiko chake, ambacho alikitumia bila huruma. Akikugusa mbavu za kushoto, umetangulia. Akikugusa za kulia, umechelewa. Akikugusa zote mbili, tulia, zungumza na mungu wako.

Trasimedes, mtengeneza ngozi, ambaye leo ndiye kiongozi wa kwaya na mwenye sauti inayofika hadi viti vya juu kabisa, mwaka wake wa kwanza alikwama kwenye ujia. Zumari lilikuwa limeshaanza. Alishika ukuta kwa mikono miwili, akasema haendi, kijiji kizima kinamtazama.

Aresias akamwambia, "Bwana wee, nani anakutazama wewe? Kati yako na hao watu kuna mistari miwili ya wanaume wanaojipenda. Tembea kama unakwenda kununua vitunguu."

Trasimedes akatembea. Anasema hadi leo, kila akiingia, anawaza vitunguu.

Ni lazima nitaje pia mavazi, kwa sababu haya mambo husahaulika. Mfadhili wa kwaya akinunua majoho mapya, hushonewa mstari wa mbele ya watu. Ya zamani huhamia katikati, na yaliyochoka huishia ukutani, kwa kuwa huko nani ataona viraka. Kwa hiyo Aresias ametumikia kijiji hiki miaka thelathini na mitatu akivaa majoho yaliyostaafu kabla yake. Sijawahi kumsikia akilalamika. Aliyelalamika ni mkewe.

Shemeji yangu Lisila, ambaye namwona kutoka hapa akiwa amekaa na wanawake wenzake, hajapata kumwona mumewe akiingia. Hata mara moja. Tukiingia, mistari miwili inamfunika. Tukishafika uwanjani tunachanganyika na kuzunguka, na vinyago vyote vina sura moja, kwa hiyo yule anayemdhania ni wake huenda ni mpika mkaa wa jirani. Majirani hawakumhurumia. Walimwambia kwamba Aresias hana lolote kwenye kwaya, kwamba hulala nyuma ya jukwaa na kuamka wakati wa nyama ya mbuzi. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa hacheki. Siku moja kisimani alisema mbele ya watu, "Mie sijui nimeolewa na mwanakwaya au nimeolewa na fununu." Siku Aresias alipoletewa maneno hayo, kwenye mazoezi kisigino chake kilikuwa kizito.

Mwaka wa mvua kubwa ulikaribia kuwa heri kwa Lisila. Kuta zinazozuia udongo wa viti ziliporomoka mkesha wa sikukuu, ujia wa kijijini ukajaa tope na mawe. Ilibidi tuingilie upande wa pili, ujia wa mbali, ambao kwa kawaida ni wa wajumbe na wasafiri. Katika igizo lile tulikuwa wazee wa papa hapa kijijini, kwa hiyo tulipojitokeza upande wa safari watu wakaanza. "Wazee wetu, mlikuwa wapi? Nani aliwapeleka kisiwani Aigina?" Hayo tuliyatarajia.

Lisila alikuwa amesikia habari asubuhi, akapiga hesabu haraka kuliko sisi. Kwaya ikiingilia upande wa pili, mstari wa ukutani ndio unaopita karibu na watu. Akavaa nguo ya sikukuu, akaja mapema, akakaa mwisho wa viti vya wanawake, ukingoni kabisa mwa ujia wa mbali.

Agnotheos naye alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo. Hakutaka wageni wake waonekane. Tukiwa tayari tumeshavaa vinyago akaamuru mistari ibadilishane, walio kushoto waende kulia, walio kulia waende kushoto. Sasa mtu ambaye kwa wiki nzima amejua mahali pake kwa kiwiko cha jirani, mpe jirani mwingine, umfunike macho, halafu umpe tope. Nyuma yangu nilisikia kishindo cha maharage yanayomwagika sakafuni. Mmoja alikanyaga joho la mwenzake, mwingine kinyago kikamtoka na kubingirika hadi kwenye miguu ya kuhani. Niliendelea kupuliza kwa kuwa sikuwa na shauri lingine. Kisha nikasikia kisigino kimoja, kule mbali ukutani, kikitua, na kikatua tena. Mmoja mmoja wakajishikiza kwenye kisigino kile, tukafika uwanjani tukiwa kwaya.

Wote tulimshukuru. Lakini Lisila, pale ukingoni, alichoona ni tope, kinyago kinachobingirika, na mgongo wa Trasimedes. Kwenye karamu alimwendea Agnotheos akamwambia taratibu, "Mwalimu, leo umenificha mume kwa makusudi." Agnotheos aliapa kwamba kwaya yake haitapita tena ujia ule, na kiapo hicho kimedumu hadi mwaka huu.

Mwaka huu tumeletewa igizo ambalo kwaya ni wapiga makasia wanaorudi kutoka baharini. Wapiga makasia hawawezi kutokea sokoni. Kwa hiyo ninyi mlioketi, msielekeze macho kuliani kama mlivyozoea. Tumejipanga kwenye ujia wa mbali, kushotoni kwenu.

Aresias alipolisikia igizo, la kwanza alilofanya ni kumkumbusha mwalimu. "Usisahau kubadilisha mistari. Hawa wangu wataogopa." Agnotheos akamjibu, "Nimesikia." Aresias, ambaye ni mtu mwema, hakuuliza zaidi ya hapo.

Alichokuwa hajui ni kwamba watu wa mstari wa mbele ya watu walikuwa wamekwisha kumwendea Agnotheos nyumbani kwake. Wote watano. Na wote watano, akiwemo Trasimedes, walianzia ukutani, kiwiko kile kile kikiwa mbavuni mwao. Walitaka mistari isibadilishwe.

"Wageni wangu waonekane na Aixone nzima?" Agnotheos akawaka. "Mnawajua watu wa hapa. Watawachuna ngozi."

"Mwalimu, ngozi niachie mimi," akasema Trasimedes. "Wakitucheka, watucheke. Yule mzee alituficha sisi tulipokuwa hatufai. Leo tunamficha tena, kwa nini?"

Agnotheos akataka wageni wenyewe waulizwe. Wako wanne mwaka huu, na nikiri kwamba wawili walibadilika rangi. Lakini mmoja, muuza jibini, akasema kwamba akiwa nyuma ya Aresias haanguki, na wenzake wakaona aibu kusema vingine. Mfadhili wetu naye, bila kuombwa, akashona majoho mapya kwa mstari wa ukutani. Aresias ameambiwa kwamba nondo walikula lake la zamani. Nadhani hadi dakika hii anawasikitikia hao nondo.

Kwa niaba ya kwaya, mwalimu na mfadhili, namshukuru Aresias kwa kila mtu aliyemwingiza kupitia ujia akiwa anatetemeka na kumfikisha uwanjani akiwa anaimba. Namshukuru kwa niaba yangu pia. Nimepuliza miaka yote hii nikijua kwamba hata nikikosea, kuna kisigino nyuma yangu kitakachonirudisha, na nitakikosa kuliko ninavyoweza kuandika. Mwenzetu, nenda ukapumzike. Nyuki wako wawe wapole, magoti yako yanyamaze, na asali isikauke nyumbani kwako, ukikumbuka kwamba sisi huipenda na tunajua unapokaa.

Sasa, Aresias, unasubiri amri ya kubadilisha mistari. Haiji. Baki hapo hapo ulipo, na hao wanne wako wabaki nawe.

Na wewe, shemeji Lisila, nakuona umekaa ukingoni, mahali pale pale pa mwaka wa mvua. Mpiga mbiu akinyamaza, nitapuliza. Mstari utakaopita mbele yako ni wa ukutani. Waache wawili wa kwanza wapite. Wa tatu, mwenye joho jipya, ndiye mumeo.