Kidonge Nilichokuwa Natafuna

Ndugu zangu wa chama, salamu kwenu wote, Waislamu na Wakristo. Munivumilie niseme nikiwa nimesimama, maana kukaa kunanishinda. Munanijua, mimi shofere wa minibasi ya Goma kwenda Rutshuru: abiria akiwa bado anafunga kiatu, mimi nimeshawasha gari. Haraka hiyo nusura iniue, na nusura niue watu.

Munganga wa hospitali alinipima akakuta tansio, damu iko juu sana. Akanipa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi. Alieleza mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshashika mulango. Siku tatu zikapita; siku ya ine, wamama munisamehe, nilisimamisha gari njiani nikaingia porini kujisaidia. Nikatazama nyuma. Ndugu zangu, nawaambia, kidonge changu kilikuwa pale, kizima, vile nilikimeza! Hasira ikanipanda. Nikaenda famasi kule Kyeshero nikamutukana muuzaji mbele ya watu, kwamba ananiuzia dawa ya uongo.

Kisha nikajifanya munganga. Nikaanza kutafuna. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akaniuliza, "Papa, walikuambia utafune?" Nikamujibu, "Meno ni yangu." Kila asubuhi uso unawaka, moyo unaenda mbio, na mimi nafurahi, eti sasa dawa inafanya kazi.

Kalengera, njiani kwenda Rutshuru, ndiko mambo yaliharibika. Nilishuka kukaza kamba za mizigo, nikarudi kwenye usukani, macho yakaingia giza. Nilitaka kuondoka vilevile, watu wamejaa nyuma. Mama mumoja wa Butembo, mufanyabiashara aliyekaa mbele, akanitazama, akachomoa ufunguo.

"Muzee, baridi hii yote na wewe unatoka jasho? Teremuka."

Nilimufokea sana. Nikateremuka nizunguke upande wake nimunyang'anye ufunguo, nikaanguka hapohapo.

Wakanibeba mupaka kituo cha afya. Infirmière mumoja, muuguzi wa pale, akaniuliza dawa naitumia namna gani. Nikasema kwa kiburi, "Natafuna." Akashika kichwa.

"Muzee, ile ni dawa ya siku muzima, wewe unaimwaga mwilini mara moja, damu inashuka ghafula, unaanguka! Kidonge hicho kina ganda, na ganda lina katundu kadogo sana. Maji ya tumboni inaingia, inasukuma dawa itoke polepole mupaka kesho. Ganda likibaki tupu, unalitoa chooni."

Ganda tupu, ndugu zangu! Nilitukana mutu kwa sababu ya ganda. Niliona haya, kisha nikafikiri wale watu nyuma yangu kama ufunguo ule ungebaki mukononi mwangu.

Aksanti kwa mama yule, popote alipo. Aksanti kwa infirmière. Wa famasi nilimurudia, nikaomba musamaha mbele ya watu vilevile, akanicheka, akanisamehe. Nanyi wenzangu, munganga akisema, muache amalize kwanza ndipo mushike mulango.

Haraka bado ninayo, siwadanganyi. Ndiyo maana ufunguo unalala kwa bibi yangu. Asubuhi nameza kidonge kizima, nafungua kinywa, anachungulia mupaka chini ya ulimi, ndipo ananipa. Leo pia nililalamika kwamba mutaanza bila mimi.

"Chelewa, Papa," akaniambia.

Nimechelewa, na munaniona hapa.