Sahihi ya Sista Tone

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Sista Tone atavua aproni ya risasi ya kujikinga na mionzi na kuitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa chumba cha katheta. Ameshatuonya kwamba msumari huo asiuguse mtu mpaka yeye awe ametoka getini.

Jina la Tone hakupewa na wazazi wake, alibandikwa na chumba chetu. Miaka sita ya kwanza alikuwa mkunga wodi ya wazazi, na alipohamishiwa kwetu alikuja na tabia za kikunga: mikono imeoshwa mpaka viwiko, na sikio liko tayari kusikia kilio. Alizoea kusema kwamba mtoto asipolia, mkunga hakai. Kwetu hakukuta watoto, akaanza kuiliza mirija.

Kwa wenzetu wa jikoni, karakana na masijala, nieleze kidogo. Mtu akizibwa mshipa na bonge la damu, sisi tunapitisha mrija mwembamba kama tambi, ndiyo katheta yenyewe, kutoka kinenani hadi kwenye bonge lenyewe, na dawa ya kuliyeyusha inatolewa papo hapo, polepole. Pembeni mwa mrija kuna vitundu vidogo mno. Ncha yake iko wazi, kwa hiyo tunapitisha waya ndani uizibe. Waya ukifika mwisho, dawa inatokea pembeni na kuingia ndani ya bonge. Usipofika, dawa yote inakimbilia nchani na kwenda zake, na bonge linabaki palepale.

Ndiyo maana Sista Tone alikuwa na bakuli lake la chuma. Kabla mrija haujamgusa mgonjwa, aliulaza ndani ya bakuli pamoja na waya wake, akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano, akainama kuangalia. Matone yatoke pembeni, pande zote. Nchani pasitoke hata moja. Hapo ndipo alipotamka kwamba umelia, na aliyeona matone kwa macho yake ndiye aliyetia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi. Hakuna kitabu kilichotufundisha hivyo, ulikuwa utaratibu wa chumba chetu na mwenyewe alikuwa yeye.

Mwaka mmoja alikuja mwuza vifaa, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, na mirija mipya ambayo alidai haihitaji kujaribiwa kamwe. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsogezea bakuli. Mrija wa kwanza ulilia upande mmoja tu. Wa pili haukulia kabisa. Yule bwana aliondoka na makatoni yake huku akijipangusa shingo, na Sista akamkimbilia kwenye ngazi kumpa kalamu aliyoisahau.

Ana mume fundi saa, ambaye anaapa kwamba hata birika la chai nyumbani hukaguliwa mdomo kabla ya kumiminwa. Ana binti wawili, na wote wawili walikataa katakata kusomea uuguzi.

Hapa ndipo rasimu zangu tatu za kwanza zilipoishia, zote za kuchekesha. Kamati ya jarida letu la hospitali ilizipenda. Mimi kila nikizisoma uso ulikuwa unaniwaka, kwa sababu kuna habari moja niliyoiruka, na hiyo ndiyo inayonihusu.

Miaka tisa iliyopita tuliletewa fundi cherehani, mguu wake wa kulia umeziba mshipa, mguu uleule anaokanyagia pedali. Wakati huo nilikuwa daktari mgeni mwenye sifa nyingi. Nilikuwa najigamba kwamba kazi ya saa moja na nusu naimaliza kwa dakika arobaini. Mke wa fundi alikuwa analia ukumbini, nikamtuma Sista akamtulize. Alipotoka niliufungua mrija, nikafungua na waya, nikalitazama lile bakuli. Nikasema moyoni, vitu vimetoka kiwandani vimefungwa, hii michezo ya maji ya nini. Nikaupitisha.

Aliporudi mrija ulikuwa umeshaingia. Aliuliza swali lake la siku zote.

“Umelia?”

“Umelia, Sista,” nikamjibu. “Tia sahihi tu.”

Alinitazama juu ya barakoa, akachukua kalamu. Katika miaka yake yote humu hospitalini ni mara hiyo moja tu alipotia sahihi bila kuona, na alitia kwa sababu aliniamini.

Waya ule ulikuwa mfupi. Zipo nyaya za urefu wa aina mbili, pakiti zinafanana, tofauti ni namba tu, na namba sikuisoma. Mpaka asubuhi dawa ilikuwa imepotelea kwenye damu yote ya mwili, wala bonge halikupungua. Mguu ulikuwa wa baridi na rangi yake imebadilika. Kesho yake wenzetu wa upasuaji waliukata chini ya goti.

Kamati ya uchunguzi iliniita kwanza. Waliniuliza kama mrija ulijaribiwa. Nikajibu kwamba karatasi inaonyesha ulijaribiwa. Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo mtupu. Kisha wakamwita Sista. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na uhakika kwamba atanitaja, na niliogopa kama mwizi. Alitoka baada ya dakika tano. Hakunitaja. Alisema sahihi ni yake, basi. Alipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa chumba cha kuchemshia vifaa kwa miaka miwili.

Nilimfuata huko siku ya tatu, maneno yamenijaa kinywani. Alikuwa anakunja shuka za kijani. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza.

“Sahihi ni yangu, daktari, nilitia bila kuona,” alisema. “Lako unalijua mwenyewe.”

Kisha akaniomba nisogee, kumbe nilikuwa nimekanyaga pindo la shuka. Nikasogea, nikaondoka, na badala ya kwenda ofisi ya mkurugenzi nikaenda kantini. Mwaka ule nilipandishwa cheo. Ninyi mlinipigia makofi, nami nikavaa kile kilemba cha ukoka mchana kweupe, nikatabasamu kwenye picha. Picha hiyo bado iko ukumbini, kushoto kwa mlango wa maabara.

Aliporudishwa kwetu hakuligusia jambo lile hata siku moja. Ila tangu hapo, kila alipoweka bakuli mezani aliniita nije nione. Miaka saba nimekuwa nikiinama kando yake, mkuu mzima wa chumba, nikihesabu matone kama mtoto wa chekechea. Wageni walidhani ni ushirikiano mzuri wa kikazi. Mimi nilijua nafundishwa nini.

Wiki mbili zilizopita masijala waliniletea muhtasari wa faili lake kwa ajili ya makala hii. Miaka thelathini na mitatu imeenea ukurasa mmoja, na chini kabisa pameandikwa: onyo moja. Kwa mstari huo mmoja, Ijumaa jina lake lisingesomwa pamoja na ya wenzake watatu wanaopewa cheti cha utumishi usio na doa. Karani wa masijala alinishauri kwa upole kwamba mstari huo tuuruke tu, tusimwaibishe mama wa watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Anayestahili kuaibishwa alikuwa ameketi mbele yake, anakunywa chai.

Jumatatu nimempelekea mkurugenzi barua yenye haya yote, nikiomba onyo lile litolewe kwenye faili lake na liwekwe kwenye langu. Amenijibu kwamba onyo lake limefutwa na cheti kinachapwa. Kuhusu langu, kamati itakaa. Ikae.

Kabla ya barua, Jumamosi, nilikwenda kwa fundi cherehani. Siku hizi cherehani yake inaendeshwa kwa mota, na mguu wa bandia ameuegesha kando ya kiti kwa sababu unamchoma joto likizidi. Ukutani palikuwa na sare nyeupe tatu zimetundikwa, mpya, za kipimo ninachokifahamu. Niliposema kwamba siku ile nilidanganya, hakuinua kichwa. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

“Mwenzako alikuja wiki ileile,” alisema. “Akaniomba radhi hapo hapo ulipokaa. Wewe hakukutaja.”

Kumbe kwa miaka tisa Sista sare zake zote ameshonewa pale, ingawa za hospitali hutolewa bure. Fundi hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza tu kama Sista atahitaji nguo nyingine sasa anapostaafu.

Sista Tone, asante kwa mirija yote uliyoiliza ili watu wasilie. Uwe na asubuhi ndefu zisizo na kengele, chai iliyomiminwa na mtu mwingine, na miguu yenye afya ya kukupeleka kwa binti zako. Msamaha sikuombi humu jaridani, mbele za watu, mahali usipoweza kukataa. Bakuli lako liko mezani kwangu, limeoshwa. Ijumaa kabla hujatoka mlangoni, ninaomba unisimamie mara moja tu nikiujaribu mrija, uone kwa macho yako.

Haya yote nimeyaandika mimi, Mkuu wa Chumba cha Katheta. Na sahihi iliyo hapa chini, safari hii, ni yangu.