Ngozi Haijivuti Yenyewe: Risala ya Wavuta Ngozi wa Mzee Tuilagi

Mgeni rasmi, Daktari Telesia, mkuu wa baraza linalotoa leseni za tatuu, waheshimiwa machifu, mchungaji wetu, wazazi wa Vaisulu:

Umevuka maji kutoka mji mkuu, Apia, umeketi mkekani petu na kunywa ava yetu, kinywaji cha mizizi cha kumheshimu mgeni. Asante. Taro, magimbi yetu, na nguruwe viko jikoni, ila tunakuomba utusikilize kabla hujashiba, maana aliyeshiba husinzia.

Sisi ni nani

Tuko watatu: Malaki, Ioapo na mimi Fetuao ninayesoma. Mzee Tuilagi hupiga pea, tatuu ya wanaume ya kutoka kiunoni hadi chini ya magoti, kwa kichana chenye meno na fimbo. Sisi tunakaa pembeni yake, tunavuta ngozi ikazike na kufuta damu. Ngozi ikilegea, mstari unapinda, na mwenye mwili atazikwa nao. Huko ndiko kujifunza kwetu. Ioapo alivuta miaka minne kabla Mzee hajamwambia, "Leo hukunikera."

Tuliyoyafanya

Serikali ilipotaka kila anayegusa jeraha awe na leseni, hatukununa. Tulishasikia watu waliolazwa kwa uchafu wa mafundi wengine. Mzee aliweka pembeni vichana vya meno ya nguruwe, akachonga vya chuma vinavyovumilia mvuke. Tulisoma mafunzo ya usafi, na sote tulifaulu mtihani wa kuandika. Hata Malaki, ambaye mama yake alishaanza kuwaomba watu radhi mapema.

Tulipokwama

Mheshimiwa, tulikwama kwenye mtihani wa vitendo. Nilipoingia peke yangu nilikuta mashine ya umeme na ngozi bandia iliyowambwa kwenye ubao.

Nikamuuliza msimamizi, "Hii ngozi nani anaivuta?"

"Imeshavutwa, dada."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Alicheka, nikacheka, kisha nikafeli. Wenzangu nao wakafeli. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisema kanuni inamtaka amwone mtu mmoja mmoja. Lakini kazi yetu haina mtu mmoja.

Hivyo Mzee ana leseni lakini hana wa kumvutia ngozi, na kwa mikono yake miwili hawezi kupiga na kuvuta kwa pamoja.

Anayeumia ni Pelenato, yule pale karibu na nguzo. Sheria ilipoanza kutumika, alikuwa amepigwa kiuno na paja la kushoto. Paja la kulia ni jeupe mpaka leo. Kwetu pea isiyokamilika ni aibu ya ukoo mzima. Baba yake ni chifu, na Pelenato hawezi kuvua shati akamhudumia ava mbele ya wenzake. Vijana wa uwanjani humwita, "We Pelenato! Fundi aliishiwa kitambaa?" Yeye hucheka nao. Dada yake anasema akifika nyumbani hacheki. Inatuuma sana, kwa sababu hakukimbia maumivu. Sisi ndio tuliosimamisha kazi.

Na macho ya Mzee yanafifia. Michoro ya paja lile imo kichwani mwake tu.

Ombi letu

Hatuombi kusamehewa mtihani. Tunaomba tutahiniwe watatu kwa pamoja, juu ya ngozi ya mtu aliye hai, kwa kazi tunayoifanya kweli.

Na tunaomba iwe leo. Nyuma ya pazia lile mkeka umetandikwa na kufunikwa plastiki safi. Vifaa vimetoka kwenye mvuke asubuhi na muuguzi wa zahanati ameviona. Glavu zipo. Pelenato amekubali. Mzee ameshanawa. Hatutamgusa mtu kabla hujasema neno, na ukikataa tutakula taro pamoja, kisha tutakufuata Apia na ombi hili hili, mwezi baada ya mwezi.

Mungu akuzidishie afya wewe na nyumba yako, na akurudishe salama ng'ambo.

Mwisho kabisa: pea ikikamilika, tunavunja yai kichwani mwa mwenyewe. Mama Pelenato aliweka yai siku ya kwanza. Likaoza, akaweka jingine, na jingine. Leo asubuhi ameokota jipya, bado lina joto. Amelishika mkononi, Mheshimiwa, na anakutazama wewe.

Ni sisi, wavuta ngozi wa Mzee Tuilagi,
Vaisulu, Savai'i.